Muhuri wa Ahabu, Sahihi za Wazee

Wahenga walinena kuwa penye udhia penyeza rupia. Methali hii hufundishwa darasani kama nyingine yoyote: mwanafunzi huieleza maana, huitolea mfano, hupata alama zake, kisha akasahau kwamba amekwisha kufundishwa kuhonga. Lakini hao hao wahenga walisema pia kuwa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hizi mbili zimekaa katika kurasa za kitabu kimoja kwa amani, kwa sababu vitabuni hazikutani. Hukutana maishani mwa watu, na hapo ndipo mtu hulazimika kuchagua ipi iwe kauli yake.

Mzee mmoja, mkulima wa mahindi na maharagwe, na mzee wa kanisa kwa zaidi ya miaka 20, alikutana na methali hizo zote mbili katika mwisho wa juma mmoja wa Aprili 2019. Alikuwa mwanakamati wa shule ya msingi ya kijijini, shule ambayo yeye na rika lake waliijenga kwa harambee, wanaume wakibeba mawe na wanawake wakiteka maji mtoni. Asubuhi moja wanafunzi walikuta vigingi vya saruji vimechimbiwa katikati ya uwanja wao wa michezo. Kabla ya juma kwisha, kila mtu alikuwa amesikia kwamba upande wa chini wa uwanja, ule unaopakana na barabara iliyotiwa lami karibuni, ulikuwa na hati miliki yenye jina la mtu asiyejulikana kijijini. Aliyejulikana ni yule aliyekuwa nyuma yake. Huyo hakutajwa jina. Aliitwa tu "mkubwa", na waliomtaja walitazama kwanza huku na huku.

Jumamosi jioni mwenyekiti wa kamati alifika kwa mzee. Alikaribishwa chai, akaulizia hali ya ng'ombe na ya watoto, akasifu mvua. Kisha akatoa karatasi mbili zilizopigwa chapa. Zilikuwa kumbukumbu za mkutano ambao haukuwahi kufanyika, na zilieleza kwamba kamati ilikubali kwa kauli moja kukitoa kipande kile kwa kuwa shule haikukihitaji. Majina 9 yalikuwa yameorodheshwa mwishoni, na mbele ya 6 palikuwa tayari na sahihi. Mbele ya jina la mzee palikuwa peupe. Juu ya karatasi hizo mwenyekiti aliweka bahasha.

"Ni ya sukari tu, mzee wangu," alisema. "Na hata usipotia sahihi, jambo lenyewe limekwisha huko juu. Utakosa bure."

Mzee hakuigusa ile bahasha. Aliomba apewe hadi Jumatatu.

Mwanawe alikuwa nyumbani kwa likizo, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu aliyekuwa akisomea ualimu wa Kiswahili na dini. Macho ya mzee yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, hivyo ilikuwa desturi kijana amsomee Biblia kila aliporudi. Usiku ule, baada ya mlo, mzee alimwambia, "Mwanangu, nisomee pale kwa Nabothi." Kijana alifungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Alidhani kwamba baba yake anataka kufarijika kwa hasira ya nabii Eliya dhidi ya mfalme mwovu. Kumbe mzee alikuwa na wasiwasi juu ya watu wengine kabisa katika kisa hicho.

Kisa chenyewe kinajulikana. Nabothi wa Yezreeli alikuwa na shamba la mizabibu lililopakana na jumba la Ahabu, mfalme wa Samaria. Mfalme alilitaka liwe bustani yake ya mboga. Ikumbukwe kwamba hakuanza kwa kunyang'anya. Aliahidi kumpa Nabothi shamba jingine lililo bora zaidi, au kumlipa fedha. Mtu wa leo angeona kuwa biashara hiyo ni nzuri. Nabothi alikataa, na sababu yake haikuwa ya bei. Shamba lilikuwa urithi wa baba zake, na kwa mujibu wa Mambo ya Walawi, sura ya 25, ardhi ya Israeli ilikuwa mali ya Mungu. Waliokaa juu yake walikuwa kama wageni na wapangaji, na hawakuruhusiwa kuiuza kabisa kabisa. Maadamu ardhi ilikuwa ya Mungu, Nabothi hakuwa na cha kuuza, na mfalme hakuwa na cha kununua. Hapa pana fundisho la kwanza la Kikristo kuhusu utawala: kipo kisichokuwa cha mfalme, na raia mdogo aweza kumwambia hivyo usoni.

Ahabu alirudi nyumbani, akalala kitandani, akageuza uso na kukataa chakula. Mke wake, Yezebeli, ndiye aliyeshika kalamu. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji wa Nabothi. Aliwaagiza watangaze mfungo, wamketishe Nabothi mbele ya watu, walete watu wawili waovu wamshuhudie kuwa amemtukana Mungu na mfalme, kisha wamtoe nje na kumpiga mawe hadi afe. Na hivyo ndivyo ilivyofanyika.

Msomaji akiitazama barua hiyo kwa makini ataona jambo la kutisha. Taratibu zote zilifuatwa. Palikuwa na waraka rasmi, palikuwa na muhuri halali, palikuwa na baraza la wazee. Sheria ya Musa ilitaka mashahidi wasiopungua wawili kabla ya mtu kuhukumiwa kifo. Wakaletwa wawili barabara. Dini nayo haikuachwa nyuma, maana kesi ilitanguliwa na mfungo na shtaka lenyewe lilikuwa la kulinda heshima ya Mungu. Mtu aliyepita njiani siku hiyo angeona mji mcha Mungu ukitekeleza sheria. Ufisadi uliokomaa hauna haja ya kuvunja sheria hadharani. Huiazima, huivaa, na huitembeza mbele ya watu mchana.

Kijana aliposoma kwamba wazee walifanya kama walivyoagizwa, mzee alimsimamisha.

"Hao wazee walikuwa wangapi?"

"Haisemi, Baba."

"Wala hakuna hata mmoja aliyeuliza neno?"

"Haijaandikwa."

"Soma tena hapo."

Kijana akasoma tena, na mara ya tatu. Ndipo alipoanza kuelewa ni kwa nini sura hiyo ilichaguliwa usiku ule. Kwa miaka mingi, mahubiri aliyoyasikia juu ya Nabothi yalikuwa na watu wanne: mfalme mwenye tamaa, malkia katili, mkulima mwenye msimamo na nabii jasiri. Wazee wa Yezreeli walipita kama kivuli. Ilhali bila wao Yezebeli alikuwa na barua tu. Hakutuma jeshi. Hakufika Yezreeli kwa miguu yake. Walioijua sura ya Nabothi, waliomwona akilima, pengine waliowahi kula zabibu zake, ndio waliotangaza mfungo na kumpa kiti cha mbele. Kisha wakatuma ujumbe mfupi kwa malkia kwamba kazi imekwisha. Biblia haikuyataja majina yao, na huenda hiyo ndiyo adhabu waliyopewa na mwandishi wake.

Mwanafunzi yule alikuwa amefundishwa kuyachunguza maneno, na usiku ule usingizi ulipokataa, alianza kuyachunguza yale ya ufisadi. Kiswahili kina hazina kubwa mno katika uwanja huu, na utajiri huo si wa kujivunia. Rushwa ni neno lenye asili ya Kiarabu na maana yake haifichi kitu. Mlungula nalo halifichi maana. Hongo lina historia ndefu zaidi: katika karne ya 19 lilikuwa ushuru ambao misafara ya biashara kutoka pwani iliwalipa watemi na machifu wa bara ili iruhusiwe kupita katika nchi zao. Kilichokuwa malipo ya wazi kwa mtawala, kilichojadiliwa mbele ya watu, kimekuwa jina la malipo ya gizani. Fisadi, katika matumizi ya zamani, alikuwa zaidi mtu mwasherati, mharibifu wa wake na mabinti za watu. Leo ni mharibifu wa hazina ya umma. Mabadiliko hayo yana hekima ndani yake. Lugha imetambua kwamba anayeiba mali ya umma huvunja uaminifu wa nyumba, sawa na yule aliyeitwa fisadi zamani.

Walakini, hayo ndiyo maneno ya magazeti na ya mahakama. Katika vikao vya jioni hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake, "Nimekuletea rushwa." Husemwa chai, husemwa kitu kidogo, husemwa ya sukari. Chai na sukari ni maneno ya ukarimu; ni yale yale yanayomkaribisha mgeni. Mwenyekiti alipoiita bahasha yake sukari, aliazima heshima ya meza ile ile aliyokuwa ameandaliwa, kama vile Yezebeli alivyoazima heshima ya mfungo. Mwenye kutaka kuutambua ufisadi basi na asikilize pale ambapo maneno mazuri yanatumika mahali yasipostahili.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mzee alikwenda kanisani kama kawaida, na ilipofika zamu yake ya kuongoza maombi, aliwaombea viongozi wa nchi, akamwombea hata "mkubwa" bila ya kumtaja. Baadhi ya waumini hawakupendezwa. Lakini mzee alikuwa akifuata agizo la Paulo katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, kwamba wafalme na wenye mamlaka waombewe. Aidha, alijua mwisho wa ile sura ya 21, ambao wahubiri wengi huuruka. Eliya alipomkabili Ahabu ndani ya shamba la marehemu na kumtangazia hukumu, mfalme alirarua mavazi yake, akavaa magunia, akafunga. Huu ulikuwa mfungo wa pili katika kisa hicho, na huu ulikuwa wa kweli. Mungu aliuona, akaahirisha maangamizi ya nyumba yake hadi siku za mwanawe. Mkristo anayemchukia mtawala mwovu kiasi cha kutotaka atubu amekwisha kumwacha Mungu wa Eliya na kujitafutia mwingine.

Alasiri, baba na mwana waliketi chini ya mwembe. Kijana alikuwa na swali lililomkera tangu asubuhi. Je, mtu amtegemeaye Mungu hapaswi kunyamaza tu na kumwachia Yeye? Je, Waraka kwa Warumi, sura ya 13, hausemi kwamba mamlaka yote yametoka kwa Mungu? Swali hilo si geni nchini Kenya. Sura hiyo imesomwa mara nyingi mbele ya wakubwa, na aghalabu wasomaji hukomea pale panapotaka raia watii, kabla hawajafika panaposema kwamba mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema.

Mzee hakuwa msomi wa theolojia, lakini alikuwa ameisoma Biblia yake mpaka gamba lake likang'oka. Alimkumbusha mwanawe kwamba aliyeiandika sura hiyo ya 13 alikuwa Paulo, na kwamba Paulo huyo huyo aliwahi kufungwa huko Kaisaria chini ya liwali aliyeitwa Feliki. Matendo ya Mitume, sura ya 24, yaeleza kwamba Feliki alikuwa akimwita Paulo mara kwa mara kuzungumza naye, akitumaini kwamba mfungwa huyo atampa fedha. Miaka 2 ikapita. Feliki akaondoka madarakani. Paulo akaachwa kifungoni. Mtu aliyefundisha watu kuyatii mamlaka alikaa rumande miaka 2 katika mikono ya mtawala aliyesubiri kitu kidogo asikipate. Kwake yeye, kumtii mtawala na kumhonga mtawala yalikuwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Hali kadhalika, Biblia haidai kwamba uongozi wa Mungu maana yake ni uongozi wa watu wa dini. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 8, Waisraeli waliomba mfalme kwa sababu iliyoeleweka: wana wa Samweli, waamuzi waliowekwa na nabii mwenyewe, walikuwa wakila rushwa na kupotosha hukumu. Samweli aliwaonya kwamba mfalme naye atakuwa mtu wa kutwaa: atawatwaa wana wao, mabinti zao, mashamba yao mazuri na sehemu ya kumi ya mazao yao. Onyo hilo lilitimia Yezreeli. Hata hivyo, jambo jingine la kuzingatia lipo katika sura ya 12 ya kitabu hicho. Samweli, akiwa mzee mwenye mvi, alisimama mbele ya taifa zima akawauliza ni ng'ombe wa nani aliyemchukua, ni nani aliyemdhulumu, ni kwa mkono wa nani alipokea rushwa. Watu wakashuhudia kuwa hakuna. Kiongozi wa Mungu alijiweka kizimbani mwenyewe na kuwaruhusu raia wamhukumu. Nayo Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, ilikwisha kuagiza kwamba mfalme asijikusanyie farasi, wake, wala fedha na dhahabu nyingi, na kwamba ajiandikie nakala ya sheria aisome siku zote, moyo wake usije ukajiinua juu ya ndugu zake. Kwa hiyo kumwamini Mungu kama kiongozi ni kuamini kwamba kila mtawala ana mtawala, na ana ndugu.

Historia ya Kenya ina watu walioliamini hilo na kulipia. David Gitari, askofu wa Kianglikana ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu tangu 1997 hadi 2002, alizikosoa waziwazi chaguzi za mlolongo na wizi wa kura uliojitokeza mwaka wa 1988. Usiku mmoja wa Aprili 1989 wavamizi waliishambulia nyumba yake huko Kirinyaga. Alipanda juu ya paa, akapiga mayowe, majirani wakaja, akaokoka. Alexander Muge, askofu wa Eldoret, alikuwa mkosoaji wa ufisadi na unyakuzi wa ardhi. Mnamo Agosti 1990 waziri mmoja wa serikali alitangaza kwamba yeye na Askofu Henry Okullu wakithubutu kukanyaga Busia huenda wasitoke wakiwa hai. Muge alikwenda Busia tarehe 14 ya mwezi huo, akahubiri, na alipokuwa akirejea gari lake likagongana na lori. Alifariki papo hapo. Waziri huyo alijiuzulu siku chache baadaye.

Kijana aliifahamu mifano hiyo miwili kutoka darasani, na akaitumia dhidi ya baba yake. Mmoja Mungu alimwokoa juu ya paa, alisema, na mwingine akamwacha barabarani. Ni ipi kati ya hizo inayoitwa kumtegemea Mungu? Mzee alikaa kimya kwa muda mrefu, akizikusanya kokoto kwa ncha ya fimbo yake. Hatimaye alisema, "Nabothi naye hakuokolewa, mwanangu. Eliya alichelewa." Kisha akanyanyuka kwenda kufunga ng'ombe.

Jibu hilo lilimsumbua kijana kuliko mahubiri. Alikuwa ametarajia kuambiwa kwamba mwenye haki hushinda. Dini inayohubiriwa katika majukwaa mengi huahidi hivyo: toa, nawe utapokea, simama imara, nawe utainuliwa. Kisa cha Nabothi hakiahidi. Mkulima alikufa akiwa ametajwa kuwa mtukanaji wa Mungu, na siku hiyo hakuna sauti iliyotoka mbinguni. Kinachoahidiwa ni kwamba jambo lile halikupotea. Miaka ilipita, Ahabu akafa, na katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 9, Yehu alipomwua Yoramu mwana wa Ahabu, maiti ilitupwa katika shamba lile lile, na damu ya Nabothi na ya wanawe ikakumbukwa. Ndipo msomaji anapojua kwamba hata watoto waliangamizwa siku ile, jambo ambalo sura ya 21 haikulitaja. Mungu alikuwa na kumbukumbu za mkutano zilizokuwa kamili kuliko zile za wazee.

Jumatatu asubuhi mwenyekiti alirudi. Mzee alimrudishia bahasha ikiwa imefungwa kama ilivyokuja. Kisha alichukua kalamu ya mwanawe, akainamisha uso karibu na karatasi ili aone mstari, na mahali palipoachwa peupe mbele ya jina lake akaandika kwa herufi kubwa zinazotetemeka: SIKUWAPO. MKUTANO HUU HAUKUFANYIKA. Halafu akatia sahihi.

Mwenyekiti aliikunja karatasi bila ya kusema neno. Kabla ya mwezi kwisha ilikuwa imepigwa chapa upya, ikiwa na majina 8. Jina la mzee halikuwamo, na katika kikao kilichofuata alielezwa kwamba kamati inahitaji damu changa. Baadhi ya jirani walimwita mjuaji. Mmoja alimwuliza mbele ya duka kama anadhani ni yeye peke yake aliyezaliwa na mama katika kijiji kile. Kijana alikasirika kwa niaba ya baba yake, akamwambia waziwazi kwamba kutosaini kwake hakukuzuia chochote. Mzee alijibu kwa utulivu, "Niliombwa jina langu, nami sikulitoa. Hayo mengine ni ya Mungu na ya mahakama."

Hata hivyo, jambo la namna hiyo halikai siri kijijini. Habari za maneno yaliyoandikwa kwenye ile karatasi ya kwanza zilienea. Mwanakamati mmoja aliyekuwa ametia sahihi alifika usiku kwa mzee akitaka kujua kama inawezekana mtu kuiondoa. Wazazi wakaandika barua ya malalamiko, nao waliosaini barua hiyo walikuwa wengi kuliko majina ya kamati. Walijua kwamba hawakuwa wa kwanza. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyokabidhi ripoti yake mwaka wa 2004, ilikuwa imeeleza jinsi ardhi ya umma nchini, zikiwamo za shule, ilivyogawanywa kinyume cha sheria, na kukadiria kwamba hati haramu zilifikia takriban 200,000. Walikumbuka pia Januari 2015, pale wanafunzi wa shule moja ya msingi ya Lang'ata, Nairobi, walipoangusha ukuta uliozungushwa uwanja wao wakatupiwa mabomu ya machozi, na uwanja huo ukarejeshwa baadaye. Kila moja ya hati hizo 200,000 ilipita mezani pa mtu aliyekuwa na kalamu.

Kanisa nalo halina budi kujiuliza ni mfungo upi linaoutangaza. Ni jambo la kutia moyo kwamba mnamo Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza mchango wa mamilioni uliotolewa na Rais William Ruto katika ibada ya parokia moja urudishwe. Wapo waliosema kwamba fedha ni fedha na kanisa lina mahitaji. Wazee wa Yezreeli nao huenda walikuwa na mahitaji. Bahasha inayowekwa juu ya madhabahu hadharani ina adabu zaidi kuliko ile iliyowekwa juu ya meza ya chai, lakini zote mbili humwachia mpokeaji deni la kunyamaza.

Uwanja wa shule ile bado haujaamuliwa. Malalamiko ya wazazi yangali yanasubiri majibu, na vigingi vingali vimesimama pale pale. Mzee, ambaye macho yake yalifanyiwa upasuaji na sasa hujisomea mwenyewe, hupita hapo kila Jumapili akielekea kanisani. Watoto wamevizoea vigingi hivyo. Viwili vilivyo karibu karibu wamevifanya goli, na jioni husikika wakizozana kama mpira umepita ndani au nje.

Mwanawe alihitimu, na sasa ni mwalimu. Katika shule anayofundisha alichaguliwa kuwa mwandishi wa vikao, kama wanavyochaguliwa walimu wengi wa Kiswahili, kwa kuwa inadhaniwa kwamba wao ndio wajuao kuandika vizuri. Hilo ndilo linalopaswa kuwafikirisha wanafunzi wa lugha hii vyuoni. Wachache miongoni mwao watakuwa Ahabu, na wachache zaidi watakuwa Eliya. Wengi watakuwa waandishi wa kumbukumbu, wafasiri wa nyaraka, makarani, walimu wakuu na wazee wa mji. Watajua ni neno gani lililaini ukweli na ni tanzu ipi ya uandishi inayofaa kwa mkutano ambao haukufanyika. Kumwamini Mungu kama kiongozi, kwa watu wa aina hiyo, kutaanzia pale palipoachwa peupe mbele ya majina yao. Mnyonge mnyongeni, walisema wahenga, lakini haki yake mpeni. Na mara nyingi haki hiyo huwa ni sentensi moja ya kweli, iliyoandikwa kwa mkono unaotetemeka, na kutiwa sahihi.